Watoto Kumi na Sita, Mkeka Mmoja na Mlima wa Wali

*"Habari dada. Nimeolewa Kibosho ila tunaishi Moshi mjini. Krismasi hii ndugu wa mume wangu wanakuja nyumbani Kibosho kutoka Dar na Tanga, na nimehesabu watoto kumi na sita. Mdogo ana miezi kumi, mkubwa ana miaka kumi na mbili. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya watoto. Nimeona kwenye simu picha za meza za theluji, kila kitu cheupe na buluu, keki zina watu wa theluji, nikazipenda sana. Nina laki moja na nusu, mbuzi ni juu ya wazee. Je, rangi za chakula zina madhara? Wifi yangu anasema sukari ndiyo inayowafanya watoto warukeruke mpaka walie, kwa hiyo nisiweke kitu kitamu kabisa. Mwaka jana walishiba soda na biskuti, pilau likabaki. Kuna mmoja ana mzio wa karanga. Na mama mkwe anasema meza ya watoto ni mambo ya kizungu, wale sinia moja kama zamani. Nifanyeje?"*

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nakubaliana na wewe kuhusu theluji, na mara ya pili nikaona jambo lenyewe umelipitia mbio katikati: mwaka jana pilau lilibaki. Rangi, sukari, hata neno la mama mkwe, vyote vinazunguka hapo. Unaogopa kupamba na kupika halafu watoto wasile. Tuanzie hapo.

Mwaka jana pilau liliwafikia saa ngapi? Acha nibahatishe. Watoto waliamshwa alfajiri, wakanywa chai ya haraka, wakavalishwa nguo mpya, wakaenda ibadani. Waliporudi saa tano, mbuzi ndiyo kwanza ananing'inizwa. Wanaume wakaanza na ini na supu. Nyama ya pilau ikaingia sufuriani saa saba, wageni wakubwa wakapakuliwa kwanza, na sahani ya mtoto ikatoka saa tisa na ushee. Muda wote huo kreti la soda liko mlangoni, na biskuti zilizosafiri na basi ziko kwenye mfuko mezani. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya kama vijiko tisa vya chai. Tumbo la mtoto wa miaka minne ni dogo. Akishamaliza chupa na pakiti moja ya biskuti, kwake mlo umekwisha, hata kama pilau lako linanukia mpaka barabarani.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata puto moja, panga saa. Watoto wale saa sita mchana, mbuzi awe ameiva asiwe ameiva. Nunua nyama yako ya ng'ombe, kilo mbili zinatosha, uichemshe siku hiyo asubuhi. Soda zitoke baada ya chakula. Ukifanya hayo mawili tu bila pambo lolote, tayari umeshinda mwaka jana.

Sasa wifi yako. Mwambie kwa upole kwamba hili limepimwa. Watoto wamepewa sukari au kinywaji kitamu kisicho na sukari bila wao wala wazazi kujua ni kipi, na kwa ujumla hakukuonekana tofauti ya utundu. Uko utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 ninaoupenda sana: akina mama waliambiwa kwamba watoto wao wa kiume wamepewa sukari nyingi, kumbe hawakupewa hata chembe. Bado walisema watoto wamekuwa watundu zaidi, na wakawa wanawafuatafuata na kuwakosoa. Kinachowarusha watoto siku ya sikukuu ni binamu kumi na watano, kukosa usingizi wa mchana, na njaa. Haina maana sukari ni rafiki. Inaharibu meno na inachukua nafasi ya chakula, na hiyo ndiyo sababu ya kuichelewesha. Lakini kumnyima mtoto kitu kitamu Krismasi ni kumfundisha kukiiba.

Tuje kwenye meza. Mimi si adui wa theluji. Shida yangu na ile meza ya simuni ni kwamba imetengenezwa ili ipigwe picha. Watoto wa miaka miwili hadi sita wengi huwa katika kipindi cha kuogopa chakula wasichokijua. Si ukaidi, ni maumbile: mtoto aliyeanza kutembea peke yake analindwa na woga wa kutia kila jani mdomoni. Huenda akahitaji kukiona na kukionja chakula kigeni mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Ukimwekea wali wa buluu kwenye sahani asiyoijua, nyumbani kwa watu asiowazoea, umemrundikia ugeni mara tatu. Kanuni yangu ni hii: chakula kiwe kile kile anachokijua, kigeni kiwe umbo na hadithi.

Hili nililijua kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipika sherehe ya watoto hapa mjini, nikatengeneza nungunungu wa viazi vya kuponda, miiba ya soseji, macho ya zeituni nyeusi. Watu wazima walishangilia. Nilipomkata shingo kwa kisu, binti wa miaka mitano alipiga yowe, na wenzake wanne wakamfuata. Hakuna aliyekula. Tangu siku hiyo sitengenezi chakula chenye macho.

Mlima hauna macho. Na wewe, dada, utakuwa Kibosho! Wale wa Dar wameona theluji kwenye katuni, ila theluji ya kweli iko juu ya paa la bibi yao. (Waamshe saa kumi na mbili asubuhi wauone mlima. Ikifika saa nne mara nyingi umeshajifunika mawingu, na mtoto anaweza kukaa wiki nzima aondoke hajauona.) Basi usiweke meza ya theluji, weka safari ya kupanda Kilimanjaro. Watoto wapande kwa kula, kituo kwa kituo, kama wageni wanaopita njia ya Marangu: langoni, Mandara kwenye meta 2,700 hivi, Horombo kwenye 3,700, Kibo kwenye 4,700, halafu kilele cha Uhuru, 5,895. Andika namba hizo kwenye vipande vya boksi. Wakubwa watazishindania, wadogo watafuata mkumbo.

Meza yenyewe usikodi. Chukua mabenchi mawili, yapange yagusane kwa urefu, tandika mikeka pande zote, watoto wakae chini. Meza ya watu wazima humfika mtoto wa miaka mitatu kidevuni, ndiyo maana humwaga. Juu ya mabenchi tandaza majani ya mgomba. Yakate asubuhi hiyo hiyo, toa ule uti mgumu wa katikati, yaoshe, kisha yapitishe juu ya moto haraka mpaka yang'ae na kulainika. Jani lisilobabuliwa hupasuka likikunjwa tu. Jihadhari na utomvu: ukidondokea nguo nyeupe hauonekani, saa mbili baadaye umekuwa kahawia na hautoki tena. Kazi ya kukata majani iishe kabla watu hawajarudi ibadani na nguo mpya. Ukitaka kijani cha kusimamisha, tumia majani ya mkahawa au maua ya bustanini. Majani ya masale mwulize mama mkwe kwanza. Kwa Wachaga masale ni ya kuombea radhi na ya mambo mazito mengine, si kila nyumba itafurahi kuyaona kama pambo.

Langoni toa mtori, vikombe vidogo, nusu kikombe kila mmoja. Ndizi mshare, nyama iliyochemka ikalainika, kitunguu, pondaponda, basi. Ni chakula cha kwanza kwa sababu nzuri: mtoto aliyerudi na njaa anatulia ndani ya dakika tano. Kabla hujatia chumvi, mchotee yule wa miezi kumi bakuli lake, na nyama yake uisage kabisa. Mandara ni msitu: fimbo za tango na karoti zilizochemshwa kidogo, zimesimamishwa kwenye bilauri kama miti. Hapa wengine watachukua moja tu na kuitafunatafuna. Waache. Horombo ni mawe: kababu ndogo na viazi vya mviringo vya kukaanga.

Halafu Kibo yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo roho ya kazi yote. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa kuutazama kutoka Moshi si ncha, ni bakuli lililopinduliwa. Pika pilau la rangi ya kahawia kwenye sufuria moja na wali mweupe kidogo kwenye nyingine. Chukua kikombe cha chai, kipake mafuta kidogo ndani. Chini weka wali mweupe, unene wa vidole viwili. Juu yake jaza pilau, bonyeza kwa mgongo wa kijiko mpaka lishikane, hesabu hadi sitini, funika na sahani, pindua, gonga mara moja. Unatoa mlima wa kahawia wenye kilele cheupe. Kila mtoto na Kibo yake. Waite wale wa miaka sita kwenda juu wapindue wenyewe. Mtoto hula kwa urahisi zaidi alichokishika mkono wake. Mlima ukibomoka, mwambie huo ni Mawenzi, kile kilele jirani kilichochongoka.

Viungo vya pilau visiwe vizima. Mtoto akitafuna hiliki moja au pilipili mtama, anafunga mdomo kwa siku nzima. Saga kila kitu. Wali usiwe wa kuchambuka sana, hautashikana. Na kumbuka unapika juu: kwenye meta 1,400 hivi maji yanachemka karibu nyuzi 95, si 100 kama Dar, kwa hiyo mchele unataka uongeze maji kidogo na muda pia, na nyama ndiyo usiseme. Mawifi wa pwani wakikuambia mkaa wako mbovu, wape sababu hiyo. Mchele kilo moja na nusu unawatosha watoto kumi na watano, utabaki kidogo.

Uhuru ni matunda. Desemba maembe na mananasi yamejaa soko la Mbuyuni, na ndizi kisukari hazikosi. Rundika sinia moja, nyunyizia nazi iliyokunwa, hiyo ndiyo theluji yako. Hapo keki ije, soda zije, na wifi asinune. Kuna sheria moja ya safari: hakuna anayeondoka kituoni mpaka wa mwisho amalize au aseme nimetosheka. Waongoza watalii huwaambia wageni pole pole, na kwa tumbo ni hivyo hivyo, maana taarifa ya kushiba huchukua kama dakika ishirini kufika kichwani. Wewe unaamua kinachotolewa na saa yake, kiasi anaamua mtoto. Usimbembeleze, usimtishe, usimwambie binamu yake amemaliza.

Rangi za chakula zilizo kwenye chupa au pakiti, zenye jina la mtengenezaji na zilizoandikwa wazi kwamba ni za chakula, tone mbili tatu kwenye keki hazitamdhuru mtoto. Ninachokikataa ni unga wa rangi unaopimwa kwa kijiko dukani na kufungwa kwenye karatasi. Nyingine ni za kutia ukili wa mikeka, na hakuna wa kukuambia ni ipi. Lakini kwa mlima huu huhitaji rangi ya dukani. Manjano yatakupa viazi vya dhahabu, bitiruti pinki. Choya itakupa juisi nyekundu na mchezo juu yake: weka matone ya juisi ya choya kwenye visosa viwili, kimoja kamulia limao, kingine tia chembe ya magadi. Cha limao kinazidi kuwa chekundu, cha magadi kinageuka zambarau kuelekea buluu na kijani mbele ya macho yao. Rangi ya choya ni ya aina inayobadilika kufuata ukali wa kitu kilichochanganywa nayo. Cha magadi wasinywe, ni cha kutazama. Mkubwa wako wa miaka kumi na mbili, ambaye najua atakuja na uso wa "mimi si mtoto", mpe kazi hii.

Sasa nisimame kidogo kwenye mambo yasiyo na mzaha.

Pilau lisipikwe jana yake likalala sufuriani. Najua tunapenda kiporo, mimi pia. Lakini kwenye mchele kuna vimelea ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha kwenye sufuria kubwa, vinaamka, vinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Mtu mzima atatapika na kupona. Mtoto wa miaka miwili anaishiwa maji upesi. Umeme Desemba unajikatia utakavyo, friji usiitegemee. Pika asubuhi, tumia hotpoti, na kilichokaa wazi zaidi ya saa mbili kisirudi kwa watoto.

Kwa walio chini ya miaka mitano ondoa karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima. Soseji usikate vipande vya duara, maana vinaziba koo kama kizibo cha chupa. Pasua kwa urefu mara nne ndipo ukate. Puto likipasuka okota vipande hapo hapo. Yule wa miezi kumi asipewe asali hata ya kulamba mpaka atimize mwaka. Na mbege, dada, hata kuonja kwenye kata ya babu, hapana. Watengenezee togwa, uitie kwenye kibuyu kidogo, nao wajione wazee.

Mwenye mzio wa karanga, usimtenge. Toa karanga kwa wote. Siku hiyo jiko la watoto lisiwe na mchicha wa karanga, kisamvu cha karanga wala kashata, na mwiko uliopita huko usiguse sufuria yako. Soma maandishi ya biskuti na keki ya kununua. Nazi si karanga, na wengi wenye mzio wa karanga huila bila shida, lakini wewe mpigie mama yake simu wiki hii umwulize tatu: nazi anakula? Mara ya mwisho ilikuwaje? Daktari alisema afanyiwe nini? Akivimba midomo, akianza kupumua kwa shida, kutapika ghafla au kulegea baada ya kula, huo si wakati wa maziwa wala maji ya moto. Ni gari, na ni hospitali sasa hivi. Mjue mapema ni gari la nani na dereva gani hatakuwa amekunywa.

Akipaliwa, kama anakohoa kwa sauti mwache akohoe. Asipotoa sauti, mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano kwa nguvu, kisha msukume tumbo juu ya kitovu mara tano, urudie mpaka kitoke. Mchanga aliye chini ya mwaka hasukumwi tumbo: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, mpige mgongo, kisha mgeuze umbonyeze kifua. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona. Hili halijifunzwi kwa kusoma. Kabla ya sikukuu pita kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mikono.

Na kama katika hao kumi na sita kuna mtoto ambaye habagui chakula siku ya sikukuu tu, bali mwaka mzima anakula vitu vinne vitano na vinazidi kupungua, anakabwa na chakula kilaini, au mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki umelala, huyo mlima wa wali hautamsaidia. Mzazi wake ampeleke kliniki aonwe na afisa lishe, tena bila kusemwa mbele ya ukoo.

Kuhusu laki moja na nusu: chakula kwanza, na kitakula sehemu kubwa. Shuka la kutandika, ukilihitaji, utalipata kwenye mitumba kwa bei ya kuongea. Vikombe azima kwa majirani, viandike majina kwa plasta.

Amebaki mama mkwe. Yeye amesema kweli zaidi ya anavyojua: sinia moja, mkekani, kwa pamoja, ndiyo meza unayoiandaa. Kwa hiyo usiende kumwombea ruhusa, nenda kumwomba kazi. Mwambie unahitaji mtu wa kukaa langoni na sufuria ya mtori, anayempakulia kila mtoto huku akimwuliza ni wa nani, wa mwanawe yupi. Na wakifika kwenye wali, awasimulie Mawenzi alivyokuwa akienda kwa Kibo kila mara kuomba moto, mpaka Kibo akachoka, akampiga, na ndiyo maana mmoja ana kilele laini na mwenzake amechongokachongoka. Wale wa Dar hawaijui hadithi hiyo. Akianza kuisimulia, wewe pindua vikombe.